Miraba Minne

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na lugha, maana mimi na wewe tunaopenda kuandika hatuna shamba lingine la kulima. Fungua hadithi yoyote ya Kiswahili katika zile tulizosomeshwa, ama zile tulizoazimana chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni. Mwanamume akiwa mkubwa wa mwili, mwandishi humwita pandikizi la mtu. Humwita njemba. Humwita mtu wa miraba minne. Ukikutana na maneno hayo unajua mara moja kwamba hapa pana nguvu, hapa pana mtu wa kuogopwa na pengine wa kutegemewa.

Sasa njoo kwa mwanamke. Mwanamke wa hadithi ana shingo ya twiga, kiuno cha nyigu na miguu ya chupa ya bia, na hutembea kana kwamba anaionea ardhi huruma. Mwanamke mnene akitokea, basi ni mama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, ama ni muuza pombe, ama ameletwa ili watu wacheke kidogo kabla ya shujaa kurudi. Huyo haitwi wa miraba minne. Huitwa bonge. Huitwa tipwatipwa.

Mimi ni mwanamke wa miraba minne. Nina umri wa miaka ishirini na minne, urefu wangu ni mita 1.68, na uzito wangu wiki hii ninapoandika ni kilo 94. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Mchana napiga chapa na kutoa fotokopi katika kiduka kimoja Kawangware, usiku naandika riwaya ambayo bado haijaisha, na Jumamosi nacheza raga. Katika hayo yote, ni raga ndiyo iliyonifundisha jambo la kuwaandikia hapa.

Lakini kwanza nitaje majina, kwani mtu mnene huishi ndani ya majina. Shule ya msingi niliitwa Tangi. Shule ya upili niliitwa Pajero, na aliyelibuni alidhani ananisifu. Katika matatu makanga huniangalia kabla sijaketi, akasema, "Madam, wewe ni wa wawili, ongeza mbao." Mapema mwaka 2020, kabla korona haijafunga mji, niliitwa mahojiano ya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mjini. Aliyenihoji alikitazama cheti changu kidogo, akanitazama mimi sana, kisha akasema kwa upole mwingi kwamba kiti cha pale kina mikono ya chuma na wasingependa nijibane. Upole ule uliniuma kuliko makanga wote wa Kawangware.

Na ajabu ni kwamba sikuzaliwa nikiyajua maneno hayo kuwa matusi. Mama yangu ni mtu wa Kinangop, na tulipokuwa tukienda huko likizo ya Desemba, shosho alinishika mashavu na kusema kwa furaha kwamba nimenona. Kwake kunona kulikuwa habari njema: mtoto analishwa, mji hauna njaa, mungu hajatusahau. Nikirudi Nairobi na mashavu yale yale, jirani husema, "Aki umenenepa!" na sauti yake hushuka kama anayetoa rambirambi. Mwili ulikuwa mmoja, kilichobadilika ni basi tulilopanda. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kutaka kuwa mwandishi, pale nilipogundua kwamba kitu hakina budi kuwa kile kinachoitwa na watu waliokizunguka.

Kuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliichukia tangu darasa la sita. Msichana anapoisikia mara nyingi, huanza kujiona yupo juu ya meza ya soko, na kazi yake kuu duniani ni kungoja bei.

Niliingia raga mwaka 2021, miaka yangu ishirini. Jirani yangu mmoja alikuwa akicheza, na kila Jumanne na Alhamisi jioni nilimwona akipita na njumu begani, magoti yana vumbi, anacheka peke yake. Siku moja akanisimamisha pale dukani.

"Wewe unakaa hapo kufanya nini? Kuja mazoezi."

"Mimi? Na hii mwili?"

"Ni hiyo mwili tunataka."

Nilicheka. Kumbuka, msomaji, kwamba sisi Wakenya tukisikia neno mwanamichezo wa kike tunamwona mkimbiaji. Tunamwona Catherine Ndereba, aliyeshinda mbio za Boston mara nne. Tunamwona Faith Kipyegon, ambaye alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2016, akarudia Tokyo, akarudia tena Paris mwaka 2024. Ni wanawake wa kuinuliwa kofia. Lakini miili yao ni ya upepo, na mtu wa umbo langu huwatazama kama anavyotazama ndege angani: anapendezwa nao, wala hafikirii kuruka. Sikuwa na picha yoyote kichwani ya mwanamke mzito aliyevaa jezi ya kucheza, si ya kushangilia.

Nilikwenda hivyo hivyo. Mama anauza nguo za mitumba soko la Toi, akanitafutia njumu za mwanamume nambari nane, kwani za kike hazikuniingia. Alinipa bila kusema neno, na mama yangu asiponena, ujue analo.

Kocha wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Alinitazama kutoka juu hadi chini, nami nikakaza tumbo kama nilivyozoea kufanya nikitazamwa. Akauliza, "Una kilo ngapi?" Aliuliza kama fundi anavyouliza urefu wa mbao.

"Tisini na mbili."

"Poa. Jezi nambari tatu ni yako."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kutaja uzito wangu na kupewa kitu badala ya kunyimwa.

Kwa wale wasioujua mchezo, niwaeleze kidogo. Timu ya raga ya kawaida ina watu kumi na watano, na mechi huchukua dakika 80. Ile ya wachezaji saba kila upande ndiyo iliyoingia Olimpiki mwaka 2016 kule Rio, ambako dada zetu wa timu ya taifa, Lionesses, walicheza. Lakini mimi napenda ile ya kumi na tano, kwa sababu ndiyo inayomhitaji kila mtu. Nambari kumi na nne anatakiwa awe mwepesi wa mbio. Nambari nne na tano wawe warefu wa kurukia mpira. Nambari tisa awe mdogo na mjanja kama panya wa ghala. Na mbele kabisa, kwenye skramu, nambari moja na nambari tatu hutakiwa wawe watu wa kusimama. Wanaitwa propu, na kazi yao ni ile ya nguzo: kubeba paa.

Skramu ni watu wanane dhidi ya wanane, wameshikana mabega na kuinama. Refa huhesabu hatua tatu: kuinama, kushikana, kisha kugongana. Nambari tatu huingiza kichwa katikati ya vichwa viwili vya wapinzani, kwa hiyo husukumwa kutoka pande mbili, na nyuma yake wenzake wanasukuma pia. Siku ya kwanza nilidhani uzito wangu utatosha. Haukutosha. Uzito usio na mbinu ni gunia tu, na gunia huangushwa. Nilifundishwa kunyoosha mgongo uwe kama meza, kukunja magoti, kuchimba ardhi kwa vidole vya miguu, kupumua wakati gani na kuzuia pumzi wakati gani. Kwa miezi mitatu nilirudi nyumbani shingo imekaza hata siwezi kugeuka kumwangalia anayenisalimu. Lakini siku moja ya Alhamisi, skramu ilitua, nikasikia miguu ya wale wa upande wa pili ikiteleza nyuma. Hatua moja. Mbili. Watu wanane walikuwa wanarudi nyuma, na mmoja wa waliokuwa wanawarudisha ni mimi. Wenzangu walipiga kelele kama tumeshinda kombe, na yalikuwa mazoezi tu.

Uwanja wetu hauna chumba cha kubadilishia nguo. Tunabadilisha nyuma ya leso, wawili wanaishika na mmoja anavua. Humo nyuma ya leso ndimo nilimojifunza zaidi kuliko uwanjani. Niliona michirizi ya mapajani ambayo nilidhani ni yangu peke yangu. Niliona kovu la upasuaji wa kujifungua, niliona matiti yasiyolingana, niliona mgongo wenye chunusi. Nambari tisa wetu ana kilo 48. Yeye aliitwa Njiti tangu utotoni, na kwa miaka miwili alikunywa uji wa soya usiku akilia ili anenepe, kwani mchumba wake alimwambia anaonekana kama mvulana. Nilimtazama nikashangaa. Kiuno chake ndicho nilichokiombea mungu nikiwa darasa la nane, na mwenye kiuno hicho alikuwa akiomba changu. Basi nikajua kwamba soko lile la kizuri chajiuza halina mtu linayemlipa bei yake. Mnene hupunguziwa, mwembamba hupunguziwa, mrefu huambiwa amezidi, na mfupi huambiwa hajafika.

Mwaka 2022 tulitazama filamu moja ya Marekani iitwayo Whip It, iliyotoka mwaka 2009. Inahusu mchezo wa roller derby, ambapo wanawake huvaa viatu vya magurudumu na kuzunguka uwanja wa duaradufu, watano kwa watano, mmoja wao mwenye nyota kwenye kofia akijaribu kuwapita wapinzani wanaomzuia kwa mabega na nyonga. Mchezo wenyewe ni wa tangu miaka ya 1930, ila wanawake wa mji wa Austin kule Texas waliufufua upya mwaka 2001. Wakaenea nao dunia nzima, wakiwa wakubwa kwa wadogo. Kilichotuvutia sisi ni desturi yao ya majina: mchezaji hujichagulia jina lake la vita. Hangoji aitwe. Tuliamua kuwaiga. Njiti alijiita Kisu. Nambari nane wetu, ambaye ni mama wa watoto wawili, alijiita Mama Mkwe, na kweli wapinzani humkwepa. Mimi nilisimama mbele yao nikasema, kuanzia leo mimi ni Miraba Minne. Walipiga makofi. Nililichukua neno ambalo lugha yangu iliwawekea wanaume, nikalivaa, likanitosha bila kubana kwapani.

Kama hadithi hii ingekuwa ya kubuni ningeikomesha hapa. Lakini maisha yana sura nyingi kuliko kitabu.

Mwezi wa Julai mwaka 2023, katika mechi ya kawaida kabisa, skramu ilianguka na goti langu la kulia likabaki chini ya watu. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kijiti. Daktari alisema kano imechanika nusu. Hakukuwa na haja ya kupasua, ila hakuna kucheza kwa muda usiopungua miezi minane. Nikakaa nyumbani. Uzito ukapanda hadi kilo 99. Jezi nambari tatu ikapewa msichana mwingine, mzuri tu, mwenye bidii. Timu ilinitembelea wiki za kwanza, kisha ratiba ikawabana, na siwalaumu.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo sikuwa nimejiuliza nikiwa na afya. Niliupenda mwili wangu kwa sababu ulisukuma skramu. Sasa hausukumi. Je, bado naupenda? Ama nilikuwa nimehama tu kutoka soko moja hadi jingine, kutoka soko la urembo hadi soko la kazi, na huku nako bei yangu imeshuka? Nilikaa na swali hilo usiku mwingi. Nilijiona tena ni yule wa kiti cha mikono ya chuma.

Wakati huo huo nilipimwa kliniki, na muuguzi akaandika kwamba niko katika kundi la unene wa kupindukia. Alitumia kile kipimo kiitwacho BMI, yaani kilo zako zigawanywe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukifika 25 umezidi uzito, ukifika 30 umepindukia. Mimi kwa vile ni mtu wa kudadisi, nilikwenda kusoma. Kanuni hiyo ilitokana na Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mtakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani, na watu aliowapima walikuwa Wazungu. Jina la BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972 kutoka kwa Ancel Keys wa Marekani. Kipimo hicho hakijui kutofautisha msuli na mafuta. Ndiyo sababu Ilona Maher, mchezaji wa raga wa Marekani aliyepata medali ya shaba Paris mwaka 2024, alieleza hadharani kwamba kwa hesabu hiyo yeye yuko karibu na 30, ilhali yeye ndiye aliyekuwa Olimpiki na waliomsema walikuwa nyumbani.

Lakini sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Muuguzi yule si adui. Presha na sukari zipo, na nimezika shangazi kwa ugonjwa wa sukari. Nilimwomba anipime hivyo vyote, akanipima, nikawa salama, na kila mwaka narudi. Kuukubali mwili si kuufumbia macho. Hata rafiki unayempenda humuuliza kama amekula dawa.

Jibu la swali langu halikutoka kliniki wala kitabuni. Lilitoka kwa mama, yule asiyesema. Kila jioni akitoka Toi alinikanda goti kwa maji moto na mafuta. Usiku mmoja aliushika mguu wangu kama mtu anayeshika kitu alichokipoteza zamani, akasema, "Huu mguu ni wa shosho yako."

Nikanyamaza.

"Hivi hivi," akasema. "Huu mfupa mnene, na hapa nyuma. Alikuwa anabeba gunia la viazi mgongoni, ukanda kichwani, mpaka barabarani. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa natembea nyuma yake naangalia huu mguu tu, ndio nisipotee kwa ukungu."

"Na sasa habebi kitu," nikasema.

"Eeh, sasa habebi kitu. Kwani tumemwambia arudishe mguu?"

Nilicheka hadi goti likauma. Kisha nikalia kidogo, naye akaendelea kukanda kana kwamba hajaona. Hiyo ndiyo falsafa yote niliyonayo. Shosho sasa ana miaka themanini na zaidi, hubebewa maji, na hakuna hata mmoja wetu anayemuuliza mwili wake una faida gani. Tunafurahi tu kwamba upo, umeketi juani, unatuita kwa majina. Kama naweza kumtazama yeye hivyo, basi nina uwezo huo. Kilichobaki ni kujigeuzia mimi mwenyewe macho yale yale, na hiyo kazi ni ngumu kuliko skramu, kwa sababu haina refa wa kupuliza filimbi ikaisha.

Nilirudi uwanjani mwezi wa Mei mwaka 2024, nikianzia benchi. Yule msichana aliyeivaa jezi yangu bado anacheza vizuri, na siku nyingine anaanza yeye, siku nyingine naanza mimi. Mama alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza mwaka huo. Alisimama pembeni na mkoba wake, na skramu ilipotua nilimsikia akipiga kelele kwa Kikuyu, maneno ambayo sitayaandika hapa. Watu bado huniita majina. Makanga bado anataka mbao yake. Kuna asubuhi ninazokipita kioo haraka. Sijapona, kwani sikuwa mgonjwa, ila nimezoea kuishi humu ndani na sasa najua milango iko wapi.

Dunia nayo inasogea. Kombe la kwanza la dunia la raga ya wanawake lilichezwa Wales mwaka 1991, bila baraka za chama kikuu cha raga cha wakati huo, na Marekani ikaifunga Uingereza fainali. Mnamo Septemba 2025 fainali ilichezwa Twickenham mbele ya watu 81,885, Uingereza ikaishinda Kanada. Niliitazama kwenye simu ya Kisu, sote tumesongamana. Nilikuwa nawatazama nambari tatu tu. Wenye mashavu, wenye mapaja, wenye shingo fupi kama yangu, na umati ule wote umesimama kwa ajili yao.

Nawarudia nyinyi wenzangu mnaoandika. Tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki, na pengine ni kweli, lakini ukurasa tulio nao mkononi ni wetu na hakuna anayetuzuia. Chukua hadithi unayoiandika sasa. Hesabu wanawake waliomo. Ni wangapi umewaeleza kuanzia kiunoni? Ni wangapi wanene, na kati ya hao, ni wangapi wana kazi nyingine isipokuwa kuchekesha? Sisemi tuwapambe. Sitaki mwanamke mnene awe malaika, maana huko nako ni kumtoa katika watu. Nataka awe mwizi, awe hakimu, apendwe, aachwe, achelewe basi, akosee njia, na mwili wake uwe mwili tu, kama vile wa mwanamume ulivyokuwa siku zote.

Katika riwaya yangu mhusika mkuu ni fundi wa magari wa Grogan. Ana kilo zake. Nimefika sura ya saba na bado hakuna aliyemtazama kiuno, kwa sababu kila anayeingia gereji ana haraka ya kujua kama gari lake litapona. Yeye hupangusa mikono, akafungua boneti, akasikiliza. Namwandika polepole, baada ya kazi, goti likiwa limewekwa juu ya ndoo. Jumamosi hii tuna mechi saa nane.

Njooni mkiweza. Kiingilio ni bure.